Wakia Moja, Shilingi Kumi na Sita

Baba Mdogo alipiga simu saa tano usiku, wiki moja kabla ya Krismasi ya 2024. Hakuuliza habari za kazi wala za Nairobi. Aliuliza moja kwa moja: "We ndio husoma mambo ya koini. Shilingi ya King George inaenda ngapi?"

Nikamuuliza ni ya mwaka gani.

"Mwaka sijaangalia. Iko na simba."

"Baba, zote ziko na simba."

Akanyamaza. Halafu akasema kuna mtu wa Migori amemwambia atainunua moja kwa milioni mbili na nusu.

Nijitambulishe vizuri kabla sijaendelea. Mimi hukusanya sarafu. Si biashara, ni ugonjwa mdogo tu ulionishika chuoni, na watu wa kwetu wanaujua kwa sababu kila nikienda nyumbani naulizia makopo ya zamani. Usiku ule nilikuwa na shilingi elfu kumi na saba na mia tano kwenye M-Shwari, pesa niliyokuwa nimeidunduliza karibu mwaka mzima, na ilikuwa na kazi moja tu: kununua rupia ya Mombasa kutoka kwa mzee mmoja mkusanyaji wa Pwani aliyekuwa amekubali kuniachia.

Rupia hiyo ndiyo ndoto ya kila mkusanyaji wa Kenya mwenye mfuko mdogo. Ilipigwa mwaka 1888 huko Birmingham, Uingereza, kwa niaba ya Imperial British East Africa Company, ile kampuni iliyopewa kibali cha kutawala na kufanya biashara huku kabla serikali ya Uingereza yenyewe haijachukua usukani mwaka 1895. Ina mizani upande mmoja, jina la Mombasa, na herufi ndogo ya H ya kiwanda cha Heaton. Ni fedha halisi, gramu 11.66, kwa kiwango kilekile cha rupia ya India. Zilizotengenezwa hazikufika laki moja. Kwa sarafu iliyokusudiwa kutumika kutoka Mombasa hadi Uganda, hizo ni chache mno. Mtu akizishika kwa makundi Fort Jesus siku moja, soko lingezimeza kabla ya jioni.

Na kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya 1895, sheria yetu ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaihesabu kuwa kitu cha kale. Huwezi kuibeba tu nje ya nchi bila kibali. Nilipenda hilo pia. Nilipenda kufikiri kwamba nitamiliki kitu ambacho hata sheria inakijali.

Kwa hiyo Baba Mdogo aliponitajia simba na milioni mbili na nusu, nilijua majibu yote mawili. Shilingi ya simba si adimu. Na huyo mtu wa Migori si mnunuzi.

"Umempa nini?" nikauliza.

Akasema amempa tatu, kama sampo. Halafu sauti ikapungua. Amempa na elfu kumi na tano, za kemikali ya kupimia.

Hizo elfu kumi na tano zilikuwa karo ya Januari ya binti yake, aliyekuwa anaingia Form Three.

*

Huu utapeli una matoleo mengi. Tanzania utasikia habari za rupia ya Mjerumani. Huku kwetu ni koini ya King George. Wanasema ndani yake kuna zebaki nyekundu. Wanasema ile ya ukweli inavuta punje za mchele zikaifuata mezani, inazima tochi, na ukiweka simu karibu netiweki inapotea. Mnunuzi huwa ni Mzungu au Mchina ambaye hajawahi kuonekana. Anayeonekana ni wakala wake, na wakala daima anahitaji kitu kidogo kwanza: kemikali, cheti, mafuta ya gari la mtaalamu kutoka Nairobi.

Ni rahisi kumcheka Baba Mdogo. Mimi mwenyewe nilikaribia. Lakini fikiria ni wapi hadithi hii inasimuliwa. Migori ni mahali ambapo mtu anaweza kushuka shimoni asubuhi akiwa hana nauli na jioni akatoka na kitu kwenye kipande cha gazeti ambacho mtu dukani atakipima na kukilipia papo hapo. Nyatike, Masara, Osiri, hayo si mambo ya kusimuliwa. Macalder palikuwa na mgodi mkubwa wakati wa ukoloni uliotoa shaba, dhahabu na fedha, ukafungwa mwaka 1966, na hadi leo watu wanachimba maeneo hayohayo kwa sururu na jenereta. Kule chuma kinageuka pesa kila siku ya Mungu. Kwa nini shilingi ya marehemu babu isigeuke pia?

Na kuna kipande cha ukweli ndani ya uongo. Ziko sarafu za Afrika Mashariki ambazo watu hulipia pesa nzuri. Tapeli anachukua ukweli huo, anautoa mwaka, anautoa chuma, anaubakisha simba na mfalme, vitu ambavyo kila kopo la nyanya lina kimoja.

Nikapanda gari la Kisii kesho yake usiku.

*

Dani anaishi upande wa Kendu Bay, ndani kidogo kutoka barabara inayotoka Oyugis. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba akichambua maharagwe, na uso wake ulinionyesha kwamba anajua yote na ameshasema yote atakayosema kwa mwanawe.

"Nyakwara, umekuja kuangalia kopo," akasema.

Ni kopo la Kimbo, la zamani, la bati. Nimelijua tangu utotoni lakini sikuwahi kuruhusiwa kulimwaga. Siku hiyo alilimwaga mwenyewe juu ya ungo. Kulikuwa na otonglo nyingi, zile za senti kumi zenye tundu katikati, nyingine bado zimetungwa kwenye uzi. Kulikuwa na ndururu kadhaa na thumuni mbili. Kulikuwa na shilingi kumi na nne za simba. Na kulikuwa na sarafu moja kubwa kidogo, iliyochakaa mpaka uso wa mfalme ukawa kama wa mtu aliye nyuma ya pazia.

Niliigeuza. ONE FLORIN. 1920. Chini yake, H.

Niliwahi kuziona florini kwenye picha na mezani kwa watu. Sikujua kwamba tumekuwa nayo nyumbani miaka yote hiyo.

Nikapanga zile shilingi kwa mfalme na mwaka. Tatu zilikuwa za 1948 na baadaye. Hizo hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli tu. Zilizobaki kumi na moja zilikuwa za zamani, nyingi za 1922, 1924 na 1925, chache za wakati wa vita vya pili. Hizo zina robo fedha. Kwa mkusanyaji, ya kutafutwa ingekuwa ya 1923, ambayo haikufika hata nusu milioni, wakati za 1924 pekee zilizidi milioni 40. Ya 1923 haikuwepo. Nilimuuliza Baba Mdogo kama zile tatu alizotoa aliziangalia mwaka. Akatazama chini.

*

Siku iliyofuata tulienda Migori, mimi na yeye, kupitia Homa Bay na Rongo. Simu ya yule wakala ilikuwa imezimwa tangu juzi yake. Hoteli aliyosema amepanga haikumjua. Tulizunguka stendi, tukauliza watu wa boda, tukakaa kwa kinyozi mmoja ambaye alituambia bila kuinua macho kwamba sisi ni wa tatu mwezi huo.

Kabla ya kurudi nikamwomba Baba Mdogo tuingie kwenye duka moja la kununua dhahabu. Nilikuwa nimebeba shilingi mbili na ile florini mfukoni, zimefungwa kwa leso. Nilitaka asikie kutoka kwa mtu ambaye si mpwa wake wa Nairobi.

Kijana wa dukani aliweka shilingi moja kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Gramu saba na pointi saba. Akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la asidi, akatazama rangi. "Hii ni fedha kidogo, imechanganywa sana," akasema. Akatoa bei: mia na hamsini kwa kila shilingi, mia tano kwa ile kubwa. Hakutuibia. Wakati huo wakia moja ya fedha duniani ilikuwa karibu dola 30, na shilingi ya simba ina gramu 1.94 tu za fedha safi. Hesabu yake ni kama mia mbili na arobaini, naye lazima ayeyushe, lazima apate chake.

Baba Mdogo aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Na zebaki?"

Kijana akacheka. "Mzee, zebaki tuko nayo hapa nyuma. Hainunuliwi milioni."

Tulipotoka nje nilipiga hesabu ya kopo zima kwenye simu. Ukijumlisha hata zile tatu zilizopotea, fedha yote iliyokuwa ndani ya kopo la Dani ilikuwa ya shilingi elfu nne na kitu. Elfu kumi na tano zilikuwa zimetolewa ili kuuza kitu cha elfu nne.

Tuliporudi kwenye matatu hatukuongea. Niliendelea na hesabu kwa sababu sikuwa na la kumwambia, na hapo ndipo nilipokutana na namba ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo.

*

Wakia ya fedha ni gramu 31.1. Shilingi ya 1921 ina gramu 1.94. Gawanya. Unapata kumi na sita kamili.

Sasa, yeyote aliyesoma kidogo historia ya Nyanza anaijua namba kumi na sita. Ndiyo ilikuwa kodi ya kibanda, na ya kichwa, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shilingi kumi na sita kwa mwaka. Wakia moja ya fedha kwa kila kibanda.

Ili kuelewa shilingi hizo zilitoka wapi, lazima turudi nyuma kwenye rupia. Rupia ya India ilipanda kutoka Pwani pamoja na reli na duka la Mhindi, na reli ilipofika ziwani Desemba 1901, meli kama Winifred na Sybil baadaye zikaisambaza kwenye bandari ndogo, Kendu, Homa Bay, Karungu. Mwanzoni watu wa Kavirondo walilipa kodi kwa mbuzi na majembe. Serikali haikutaka mbuzi. Ilitaka watu watafute rupia, na rupia ilipatikana kwa kufanya kazi shambani kwa mtu mwingine. Kodi ilikuwa rupia 3 kabla ya Vita vya Kwanza, ikawa 5 wakati wa vita, na kufikia 1920 ilikuwa 8. Katikati ya hapo ndipo wanaume walikusanywa kubeba mizigo ya jeshi kwa rupia 5 kwa mwezi. Maelfu hawakurudi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao.

Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Vita ikapandisha bei ya fedha duniani, na kwa kuwa rupia ilikuwa kipande cha fedha, nayo ikapanda. Walowezi wakapiga kelele. Wengi wao walikuwa na mikopo ya rupia lakini waliuza kahawa na mkonge kwa pauni. Deni la rupia elfu kumi na tano, lililokuwa pauni 1,000, likawa pauni 1,500 bila wao kukopa hata senti zaidi. Serikali ikaamua mwaka 1920 kuifunga rupia kwenye kiwango kipya: rupia 10 kwa pauni, yaani shilingi mbili za Kiingereza kwa rupia moja. Halafu ikaiondoa rupia yenyewe na kuleta florini, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa London Desemba 1919.

Florini ilikuwa na uzito uleule wa rupia, gramu 11.66. Ukiishika gizani hungejua tofauti. Lakini rupia ilikuwa fedha asilimia karibu 92, na florini ni nusu tu. Ndani ya rupia kulikuwa na gramu 10.7 za fedha safi. Ndani ya florini, 5.8.

Florini haikumaliza hata miaka miwili kama pesa kuu ya nchi. Mwaka 1921 ikatangazwa shilingi, mbili kwa florini moja. Hii ndiyo shilingi ya simba, robo fedha. Zile mbili kwa pamoja zina gramu 3.9.

Tazama safari hiyo. Thamani ileile kwenye karatasi: rupia moja, florini moja, shilingi mbili. Fedha ndani yake: gramu 10.7, gramu 5.8, gramu 3.9. Ndani ya takriban miaka mitatu, karibu thuluthi mbili ya fedha ilikuwa imetoka mkononi mwa mwenye pesa, na hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwake kuiba. Haki itendeke: Uingereza pia ilipunguza fedha kwenye sarafu zake mwaka huohuo wa 1920, kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyepiga kura juu yake.

Lakini fedha iliyomo ndani si ndiyo iliyouma zaidi. Kilichouma ni mshahara. Mwaka 1921 waajiri Wazungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hoja yao ilikuwa na mantiki ya kikatili: rupia imepanda kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili, kwa hiyo tukikata theluthi tunarudi pale tulipokuwa. Sawa. Ila kodi haikukatwa theluthi. Rupia 8 ziligeuzwa kuwa shilingi 16 na zikabaki 16. Mshahara ulirudishwa kwenye kipimo cha zamani, kodi ikaachwa kwenye kipimo kipya. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 12 kwa mwezi akabaki na 8. Kodi ya kibanda kimoja ikawa jasho la miezi miwili kamili, kabla hajanunua chumvi.

Ndiyo maana tarehe 23 Desemba 1921, watu walipokusanyika Lundha, Gem, kwenye mkutano uliozaa Piny Owacho, kodi ilikuwa miongoni mwa madai ya kwanza, pamoja na kipande na ardhi. Piny owacho maana yake ni nchi imesema. Mwaka 1922 kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Tukishafika hapo ndipo neno "adimu" linapata maana nyingine. Mwaka 1920 zilipigwa pia sarafu za fedha zilizoandikwa senti hamsini na shilingi moja kwa pamoja, maana nusu ya florini ilikuwa shilingi. Hizo leo ndizo wakusanyaji wanazililia, kwa sababu nyingi sana ziliyeyushwa shilingi mpya ilipoingia. Hazikuwa chache kwa sababu mtu alitaka kutengeneza kitu cha thamani. Zimekuwa chache kwa sababu ofisi moja London ilibadilisha mawazo. Karibu kila sarafu adimu ya hapa kwetu iko hivyo. Rupia ya Mombasa ni chache kwa sababu kampuni ilikufa. Sarafu za siku hizi zinazotengenezwa chache makusudi, zikawekwa kwenye kijisanduku na namba yake, zinatuuzia uchache. Zetu zilipata uchache kwa ajali, na mara nyingi ajali hiyo ilimpata mtu fulani mfukoni.

Florini ya Dani, yenye H, si adimu. Zilipigwa zaidi ya milioni tisa. Iliyochakaa namna ile haiwezi kukununulia zaidi ya chakula cha jioni mahali pazuri Nairobi. Nilijua hivyo tangu nilipoigeuza kwenye ungo.

*

Jioni tulimweleza Dani. Baba Mdogo mwenyewe alieleza, nami nikamheshimu kwa hilo. Alisema simu imezimwa, koini tatu zimeenda, pesa imeenda.

Dani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Hizi zilizobaki, tukiuza zote, karo inatosha?"

"Hapana, Dani. Haifiki hata robo."

"Basi rudisha kwenye kopo."

Nilikuwa nimejiandaa kutoa hotuba. Nilikuwa na wakia, kodi na Piny Owacho, nilikuwa tayari kumshawishi asiuze urithi. Hakuhitaji kushawishiwa. Kama zingetosha angeziuza, na angekuwa sawa kabisa. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Ni vile tu siku ilikuwa kubwa kuliko kopo.

Nikamuuliza kuhusu florini. Akaichukua, akaisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni rupia ya baba mkwe wangu," akasema.

"Imeandikwa florini."

"Yeye aliita rupia." Alisema mzee alikuwa kijana akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kibos. Walilipwa hizi, na muda si mrefu wakaambiwa sasa ni shilingi. Wenzake wakapeleka zao kubadilisha. Yeye akabaki na moja. Dani akasema hakuwahi kutoa sababu ndefu, alikuwa akisema tu kwamba hawa watu watabadilisha tena.

Na walibadilisha tena. Mwaka 1948 fedha ikatoka kabisa kwenye shilingi. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ikaanzishwa na shilingi ikawa yetu. Kiswahili chetu ndicho pekee kilichobaki kikikumbuka. Bado tunasema fedha tukimaanisha pesa, kama kwamba bado iko ndani.

Usiku huo nililala kwenye simba, yaani kile kibanda cha vijana, na sikulala kweli. Kwenye M-Shwari kulikuwa na elfu kumi na saba na mia tano. Nilijaribu kila njia ya kujiambia kwamba hiyo haihusiani. Baba Mdogo ni mtu mzima. Yule mzee wa Pwani ana watu wengine wanaoitaka ile rupia. Sarafu chini ya laki moja duniani, na nyingi zimeshaenda nje.

Asubuhi nikamtumia Baba Mdogo elfu kumi na tano. Aliangalia simu, akatoka nje, akakaa kwenye zizi muda mrefu. Hakuniambia asante mpaka nilipokuwa napanda boda, na alisema kwa Kijaluo, haraka, kama mtu anayelipa deni kabla hajabadilisha mawazo.

Mzee wa Pwani nilimpigia nikiwa Oyugis nikisubiri gari ijae. Nilimwambia pesa imepata kazi nyingine. Nilitarajia akasirike. Akacheka akasema, "Kijana, hiyo rupia imengoja tangu 1888. Itangoja kidogo zaidi." Baadaye nilisikia aliiuza. Sikumlaumu.

Sina rupia ya Mombasa mpaka leo. Nikiulizwa na wenzangu wa sarafu kitu changu bora ni kipi, nakosa la kuonyesha, kwa sababu kitu chenyewe si changu na hakiko kwangu.

Niliporudi Pasaka, nilimkuta Dani amenunua daftari ndogo ya kurasa thelathini na mbili. Alitaka niandike kila koini iliyo koponi, mwaka, chuma na bei ya ukweli, ili mtu mwingine asije akamdanganya mtu mwingine wa nyumba hii. Niliandika kwa muda wa saa nzima. Halafu akamwita Baba Mdogo asome kwa sauti, mbele ya binti yake na sisi wote.

Akasoma otonglo, akasoma ndururu, akasoma shilingi moja moja na miaka yake. Alipofika mwisho akasimama kidogo, akakaribisha daftari kwenye taa.

"Florini moja," akasoma. "Elfu moja mia tisa na ishirini. H. Nusu fedha. Bei: chakula cha jioni. Si ya kwenda Migori."

Hayo maneno ya mwisho si mimi niliyeyaandika. Dani ndiye aliyeyasema, mimi nikaongeza.